Nguruwe wa kwanza hayuko kwa video

Wasee, wale mmekuwa hapa tangu Disemba mnaijua ile klipu. Sekunde 41. Niko na koti la machungwa, nimepiga goti kando ya mti, bunduki kubwa begani. Mlio. Halafu nguruwe amelala kwa nyasi na mimi nimesimama nyuma yake nikicheka kama mtu ameshinda bahati nasibu. Ndiyo video yangu imetazamwa kuliko zote. Imeniletea wafuasi wengi kuliko miaka mitatu ya kulia hapa juu ya nauli ya matatu na kodi ya nyumba.

Kwa komenti mliuliza kila kitu. Ati bunduki ni bei gani, ati viza nilipata aje, ati huyo nguruwe si alikuwa na watoto. Lakini swali lenyewe liliulizwa na mtu mmoja tu, na hana hata akaunti.

Shosho yangu anaishi Meru, shamba lake limepakana na msitu wa Mlima Kenya. Binamu yangu alimwonyesha klipu kwa simu. Akaitazama mara mbili, akaniambia nipigiwe. Salamu zikawa fupi.

"Huyu nguruwe ulimpiga jua likitua, akafa jua likichomoza?"

Nikajifanya sijasikia vizuri.

"Hapo mwanzo jua linalala, naliona kwa miti. Hapo mwisho nyasi iko na umande. Mlikuwa wapi usiku wote?"

Manze. Maelfu ya watu wameangalia hiyo kitu, na mama wa miaka 78 ndiye ameniona. Basi leo nawaambia tulikuwa wapi usiku wote.

Auntie yangu ni nesi Dallas, Texas. Novemba nilienda kumtembelea. Bwanake ana rafiki, Mmarekani mzee amestaafu, mwenye shamba la nyasi za ng'ombe upande wa mashariki karibu na Tyler, saa moja na nusu hivi kwa gari. Nitamwita Mzee. Huko kuna misonobari mirefu, mialoni, na nguruwe. Nguruwe wengi vibaya. Serikali yao inasema wako zaidi ya milioni 6 katika majimbo yasiyopungua 35, na Texas ndiyo inaongoza. Si wanyama wa asili ya huko. Wahispania walikuja nao, yule de Soto aliwashusha Florida mwaka 1539 kama chakula cha jeshi, wengine wakatoroka. Karne ya 20 matajiri wakaleta nguruwe pori wa Ulaya na Asia wa kuwinda, wakachanganyikana. Jike anaweza kuanza kuzaa kabla hajafika mwaka mmoja. Shamba la Mzee lilikaa kama limelimwa na trekta ya mlevi.

Nilidhani tutaenda kuwinda siku hiyo hiyo. Wapi. Siku ya kwanza yote tulikuwa kwa gereji tukitengeneza risasi.

Na hapa Kiswahili kilinishangaza. Unajua risasi ni ile inatoka kwa bunduki, na risasi pia ni ile madini, ile nzito ya kijivu. Nimeongea hii lugha maisha yangu yote na sijawahi kujiuliza kwa nini ni neno moja. Mzee alikuwa na ndoo ya vile vyuma vidogo vya kubalansi magurudumu, alivichukua kwa gereji za tairi miaka mingi iliyopita. Humo kuna risasi iliyochanganywa na antimoni kidogo ili iwe ngumu. Unaweka kwa sufuria ya umeme, na ikifika nyuzi 327 risasi tupu huyeyuka, lakini yeye anapandisha zaidi. Anatupa kipande cha nta ya nyuki, moshi unatoka, uchafu unapanda juu kama povu la chai, anauondoa na kijiko. Halafu anamimina kwa kalibu, kile chuma cha mashimo mawili kinachofunguka kama kitabu. Unangoja kidogo, unafungua, inadondoka risasi inang'aa.

Za kwanza zangu zilikuwa na mikunjo kama uso wa mtoto amelia, kwa sababu kalibu ilikuwa bado baridi. Zote zikarudi kwa sufuria. Baada ya hapo nikashika mdundo. Nilitengeneza 60 na nikatupa 22. Sheria zake: mlango wazi, glavu, hakuna kula, hakuna kugusa uso, na tone moja la maji lisikaribie, kwa sababu maji yakiingia chini ya risasi moto yanalipuka kuwa mvuke na kukurushia yote usoni. Nilimwambia habari ya Owino Uhuru, kule Mombasa, vile kuyeyusha betri kuukuu kulitia sumu ya risasi kwa watoto na mahakama mwaka 2020 ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Akazima sufuria akanitazama. Akasema ndiyo sababu yeye hupimwa damu kila mwaka. Kisha akawasha tena.

Bunduki yenyewe ni Marlin 1895, ile ya kuvuta mkono wa chini kama filamu za koboi. Inatumia risasi inaitwa .45-70, iliyoanza kwa jeshi la Marekani mwaka 1873. Hiyo 45 ni upana, sehemu 45 za inchi kwa mia, na 70 ni kipimo cha baruti ya zamani. Risasi moja ina gramu 26. Ile ya kawaida ya bastola ya polisi ni kama gramu 8, kwa hivyo fanya hesabu. Pua yake ni bapa, si kali, na kuna sababu: ndani ya bunduki hiyo risasi zinapangwa kwa bomba, pua ya moja ikigusa makalio ya nyingine, mahali fataki iko. Ukiweka yenye ncha, inaweza kulipuka humo humo.

Lakini kitu ya maana ni mwendo. Bunduki nyingi za kuwinda za siku hizi zinatupa risasi zaidi ya mita 800 kwa sekunde. Hii yetu ilikuwa karibu 480. Ni nzito, ni polepole, ikifika inapita nguruwe mzima hata lile gamba gumu la mabega ya dume. Ikifika. Ukisonga mbali inaanguka kama jiwe. Mzee alinionyesha kwa karatasi, akachora mstari na kalamu, akasema: yadi 80, usipite. Hiyo ni kama mita 73. Akanifanya nirudie. Nikarudia.

(Wale wa viza: mgeni wa matembezi haruhusiwi kushika bunduki Marekani isipokuwa kwa sababu chache, na moja ni kuwa na leseni ya uwindaji. Sasa cheka. Texas tangu 2019 hawaitishi leseni kwa nguruwe kwa shamba la mtu binafsi mwenye shamba akikubali. Kwa hivyo mimi pekee ndiye nilihitaji kuinunua, si ya nguruwe, ni ya kushika bunduki.)

Jioni ya pili wakatoka. Wanane hivi, majike na watoto, na nyuma yao dume mweusi mkubwa. Simu yangu ilikuwa kwa kijiti inarekodi. Wale wadogo walikuja karibu kabisa. Dume alibaki mbali, kule chini ya mialoni, anachimba. Mzee akanong'ona kwamba huyo ni mbali, tungoje. Tukangoja. Jua likaanza kuzama, na mimi nikaangalia simu.

Sitawadanganya hapa. Sikumwangalia nguruwe, niliangalia simu. Niliona mwanga unaisha, nikaona kwamba kesho kutwa narudi Nairobi, nikaona klipu ya kiguruwe kidogo haitaenda popote. Nikamlenga yule dume katikati ya bega na nikavuta triga. Bega langu lilikaa na alama ya samawati wiki mbili.

Kwa umbali ule risasi inachukua karibu theluthi moja ya sekunde. Inatosha nguruwe kupiga hatua. Na ilikuwa imeanguka zaidi ya sentimita 20 chini ya pale nilipolenga. Kwa hivyo si bega. Ilimwingia tumbo, chini. Niliona akijikunja, halafu akakimbia kuelekea mtoni. Wote wakapotea. Mzee hakusema kitu. Alichukua bunduki kwa mikono yangu, akatoa zile zilizobaki moja moja, akaziweka mfukoni.

Tulikaa nusu saa kabla ya kufuata, kwa sababu ukimkimbiza anazidi kwenda. Halafu tochi. Damu ilikuwa nyeusi na ilikuwa na vipande vya majani aliyokula. Mzee akainusa akanipa niinuse, na hapo ndipo nilijua tumbo linanuka aje. Tulifuata tone, halafu hatua tano hakuna, halafu tone. Karibu na mto kuna kichaka cha miiba ambacho mtu anaingia akitambaa. Humo ndani tulimsikia. Anapumua kwa nguvu, halafu anagonga meno. Tak, tak, tak. Mzee akanishika koti. Dume aliyeumia ndani ya kichaka usiku ni kitu cha kukufungua paja. Tulisimama hapo. Sijui kwa nini sikuzima simu. Nafikiri nilisahau iko mkononi.

Tukarudi saa nne usiku. Sikulala. Alfajiri tukaingia kile kichaka na hakuwa hapo. Pahali alilala palikuwa na damu pana kama sinia, halafu nyayo zikaingia majini, na ng'ambo hatukupata kitu.

Tukirudi kwa gari, kundi lingine likavuka njia, mita 40 hivi. Mzee akaninyooshea bunduki. Nikakataa, mikono ilikuwa inatetemeka. Akapiga yeye. Nguruwe akaanguka papo hapo, hata mguu hakurusha. Huyo ndiye mnamjua. Mzee akaenda kuleta gari, mimi nikasimamisha simu kwa kijiti, nikasimama nyuma ya nguruwe wake, nikacheka. Ilinichukua mara tatu kupata kicheko kizuri.

Tulimchuna na glavu, kwa sababu wale nguruwe wana magonjwa ya kuambukiza, na auntie akampika mpaka akaiva sawasawa, na kachumbari. Sikuweza kumaliza sahani.

Shosho alinisikiliza yote haya kwa simu bila kunikatiza. Mjue shosho si mtu wa kuhurumia nguruwe. Wanamlia nduma na viazi vitamu kila msimu, na amekesha miaka akipiga debe na kuwasha moto, kwa sababu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na huwezi kujichukulia sheria na mkuki. Nilidhani atasema pole. Akasema, "Yule mzee ana wafanyakazi?" Nikasema ndiyo, kuna wanaume wawili wa kukata nyasi. "Na uliwaachia mnyama ameumia kwa njia yao ya kwenda mtoni." Akaniambia baba yake alipokuwa anawinda, zamani, ukijeruhi nguruwe hurudi nyumbani mpaka umpate, kwa sababu kesho asubuhi wanaoteremka kuchota maji ni wasichana. Yeye alikuwa mmoja wa hao wasichana.

Kisha akaniuliza kama huko kuna tai. Nikasema wapo. "Mwambie aangalie juu."

Aibu ilinifanya nichukue siku mbili kumwandikia Mzee. Akajibu na picha. Alikuwa ameshaangalia juu, siku ya nne tu baada ya mimi kuondoka. Dume alikuwa ng'ambo ya mto, kama mita 300 kutoka tulipoishia, na tai walikuwa wamemfikia. Wafanyakazi wako salama. Mzee alimzika na trekta. Unajua California walikataza risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019, sababu moja ikiwa ndege wanaokula mizoga wanameza vipande na kufa polepole. Hizi ngumu nzito hazivunjiki sana kama nyingine, aliniambia, lakini alimzika. Shimo kwa picha liko chini sana na nyuma sana. Mzee alipima kutoka kwa mti wetu mpaka mahali damu ilianza: yadi 151. Ni mita 138. Risasi ilikuwa moja ya zile 38 zangu nzuri, haikuwa na mkunjo hata mmoja.

Ile klipu ya sekunde 41 nimeitoa asubuhi hii. Mahali pake nimeweka rekodi yote bila kukata, saa moja na dakika 52, sana sana ni giza na sisi tukihema. Kama una moyo mwepesi ruka kutoka dakika ya 70 mpaka 78. Maswali leteni, hata yale mabaya, nitajibu usiku nikitoka kazini.