Tulipokutana Tena Wanne wa Korali



Katika namba zilizopita wengi wameeleza habari ya vakanse zao. Mmoja alikwenda kulima kwa babu yake, mwingine aliuza maji ya baridi sokoni. Na mimi ninataka kueleza yangu, lakini si vakanse nzima. Ni siku moja tu, siku ya Jumamosi, tulipokutana watu wanne ambao zamani tuliimba pamoja katika korali ya shule hii hii. Majina yao siyaandiki, sababu hawakunituma. Nitawaita kwa kazi zao: Mchoraji, Mshonaji na Mpiga-gitari. Mimi kazi yangu ni yale mashairi ambayo munayasoma hapa kwa uvumilivu.

Tulikuwa kalasi moja mpaka mwaka wa nne. Kisha masomo yakakatika kwa wao watatu, kila mmoja kwa njia yake, lakini ukiuliza sana utakuta sababu ni ile ile moja: minervali. Munajua wenyewe. Shule za msingi za serikali ni za bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari wazazi wanalipa. Na mimi ningeacha. Mwaka uliopita nilirudishwa nyumbani mara mbili, na mara zote mbili Mpiga-gitari alinitumia pesa kwa telefone kutoka Kolwezi. Mara ya pili ilikuwa mwezi wa 3. Aliandika maneno mawili tu: «Soma. Usiulize.» Nami sikuuliza. Neno hili mulishike, tutalirudia.

Tulikutana kwa wazazi wa Mshonaji, katika komini ya Kenya. (Mtu wa mbali asifikiri tulipanda ndege. Kenya hii iko hapa hapa Lubumbashi.) Mimi nilitoka Katuba kwa kinga, na nyuma ya kinga nilikuwa nimefunga gitari. Ilikuwa gitari ya rafiki yetu. Siku alipokwenda Kolwezi kwa mjomba wake aliniachia, akasema nimtunzie mpaka atakaporudi. Ilikaa chini ya kitanda changu karibu miaka miwili. Nilipangusa vumbi, nikakaza nyuzi, nikasema moyoni: leo atafurahi.

Mchoraji alikuwa amekwisha kufika, na alikuwa amekwisha kuanza kusema. Huyu hajabadilika. Kazi yake ni kuandika majina ya maduka na saluni juu ya ukuta, na kuchora. Lakini mjini, alisema, watu sasa wanataka ile plastiki kubwa inayotoka katika mashine na picha zake zote. Basi akawaza, akaenda mahali ambapo kazi ya mkono ingali inatafutwa: Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, karibu kilometa 90 toka hapa. Pale anaandika maneno nyuma ya malori. Dereva mmoja alimvusha mpaka Chililabombwe, akamlipa kwa kwacha. Naye, sababu hakujua kubadilisha vizuri, alirudi na pesa ya kutosha bisi na mkate.

«Lakini niliona inchi ya bantu!» alisema. Alituletea hata chakula cha kule, kikanda, kinachotokana na viazi vidogo vya maua ya porini. Wanavisaga pamoja na karanga na pilipili, wanavipika mpaka vinakuwa kama mkate, na mtu anavikata vipande vipande. Mama wa nyumba alicheka, akasema kikanda anakijua tangu utoto wake, haikufaa kwenda Zambia kukitafuta.

Mchoraji alituonyesha pia picha moja aliyoifunga katika gazeti. Ilikuwa mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Mzee mmoja alimwagiza, sababu picha ya namna ile ilikuwa katika salon ya baba yake, miaka ya 1970. Wakati ule nyumba nyingi za Lubumbashi zilikuwa na picha za wachoraji wa mtaa. Mchoraji wetu amesoma habari za Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya inchi yetu picha kwa picha juu ya nguo za mifuko ya unga. Mwaka 1973 na 1974 profesa Johannes Fabian alikusanya karibu picha 100 kutoka kwake, na baadaye akaziandikia kitabu.

«Munaona?» alisema Mchoraji. «Mutu wa hapa kwetu, paka ku mufuko ya bunga!»

Mshonaji naye alitueleza mambo ya kazi yake. Anashona kwa mashine ya miguu, si kwa kupenda, lakini kurenti ikikatika mashine ya umeme inakuwa meza tu. Wateja wanakuja na picha ndani ya telefone: «Ninataka kama hii.» Ukitazama, nguo ya picha inaomba metre sita, na mama ameleta nne. Ukimwambia, anakasirika. Ukinyamaza, anakasirika siku ya arusi. Tulicheka sana. Tukaona kwamba bila kalasi hawa wawili wamepata kalasi nyingine.

Mpiga-gitari alifika wa mwisho, sababu toka Kolwezi ni karibu kilometa 300 na bisi yao iliharibika kabla ya Likasi. Alivaa koti, na jua lilikuwa kali. Alitusalimu kwa mkono wa kushoto. Niliona, lakini nilisema: labda ni mtindo wa kule. Mkono wa kuume ulikaa ndani ya mfuko.

Mshonaji akamuliza: «Na weye, Kolwezi unafanya kazi gani?»

«Kazi iko,» alijibu. Basi.

Ndipo nikatoa gitari. Niliinua kama mtu anayetoa zawadi ya arusi. Aliitazama muda kidogo, halafu akatazama mlango.

«Uiuzishe,» alisema. «Ile pesa itakusaidia ku minervali.»

Ndugu wasomaji, hapa nitaungama. Nilikasirika. Nilifikiri pesa ya Kolwezi imemletea kiburi. Nikasema mbele ya watu wote: «Kumbe tangu umepata pesa, gitari imekuwa kitu cha watoto!» Hakunijibu. Mchoraji alianza kusema habari nyingine upesi upesi.

Saa ya chakula ilifika. Mama alileta bukari ya moto, sombe iliyopikwa na karanga, na kapenta za kukaanga. Kulikuwa pia munkoyo katika ndoo, ile pombe isiyolevya ya unga wa mahindi na mizizi. Mdogo wake Mshonaji alipita na beseni na maji ili tunawe mikono. Alipofika kwa Mpiga-gitari, huyu akasema: «Asante, nilikula ku njia.»

Mama akasema: «Mwanangu, kilometa mia tatu, na unakataa bukari yangu?»

Munajua kwetu neno kama hili haliwezi kupitwa. Tena munajua kwamba bukari hailiwi kwa mkono wa kushoto mbele ya wazazi. Alikaa kidogo. Kisha akatoa mkono wa kuume mfukoni, akauweka juu ya beseni, na mtoto akamwaga maji.

Kidole gumba kilikuwa kizima, na kidole cha shahada kilikuwa kizima. Vile vitatu vya mwisho vilikuwa vimekunjwa ndani, havikufunguka, na kimoja hakikuwa na ukucha.

Hakuna aliyesema. Mtoto tu aliuliza: «Inauma?»

«Sasa hapana,» alijibu.

Alieleza kwa maneno machache. Kule alikuwa mchimbaji, mmoja wa wale wanaotoa mawe ya shaba na kobalti, ile kobalti inayotiwa katika betri za telefone na za magari. Alibeba mifuko toka shimoni. Mwezi wa 2, wakati wa mvua, udongo ulilegea, jiwe likashuka juu ya mkono wake. Wenzake walimtoa, wakampeleka kwa muganga. Akabaki na deni.

Mimi nilikuwa ninahesabu. Mwezi wa 2. Pesa yangu ilifika mwezi wa 3.

«Na ile pesa uliyonituma?» niliuliza.

«Nilikuwa nimekwisha kuahidi,» alisema, akakata bukari.

Sikuweza kumeza. Nilitazama sahani. Mchoraji, mtu wa maneno mengi, naye alitazama sahani. Mshonaji peke yake alimwongezea sombe bila kusema kitu.

Baba wa nyumba alikuwa amekaa kando tangu mwanzo. Ni mzee aliyefanya kazi katika njia ya reli. Alizaliwa Likasi wakati mji ule ungali unaitwa Jadotville. Yeye hakutazama sahani, alitazama namna Mpiga-gitari anavyokula: anakata bukari kwa vidole viwili, anaikunja, anachovya. Tulipomaliza akasema:

«Kijana, nani alikufundisha gitari?»

«Mukubwa wa korali, tate. Alitufundisha kila kidole na uzi wake. Njo maana nimeacha.»

«Ile ni namna ya kitabu,» mzee alisema. «Bazee ba huku hawakukuwa na bidole bingi bile. Mwenda Jean Bosco alikuwa anapiga na bibili tu: kubwa na hii ya kuonyesha. Kubwa inashika sauti ya chini, inatembea kama mutu anaenda ku kazi. Hii ingine inacheza juu. Na watu walifikiri ni magitari mawili.»

Tulidhani mzee anamfariji tu. Lakini baadaye niliuliza kwa watu wanaojua, nikakuta ni kweli. Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville akipiga gitari barabarani, akamrekodi. Sahani zake zilipita mipaka mpaka Afrika ya Mashariki, na huko Nairobi wapiga-gitari walimfuata. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari katika Zambia. Na gitari yake ilikuwa ya kidole gumba na kidole cha shahada.

Mzee alichukua gitari, akaonyesha. Vidole vyake vimekauka, alikosa hapa na pale, lakini tulisikia ile sauti ya chini inatembea. Halafu akaiweka juu ya magoti ya rafiki yetu, bila kumwomba, akaenda nje kuota jua.

Hakuipiga mara moja. Mshonaji alianza kuondoa sahani, sisi tukamsaidia, ili asione kama tunamtazama. Tukiwa nyuma ya nyumba tukasikia uzi mmoja, halafu mwingine. Kidole gumba kilijua njia. Kidole cha shahada kilipotea, kikarudi, kikapotea tena. Ulikuwa wimbo wa korali tuliouimba siku ya kufunga mwaka. Mshonaji akashika sauti yake ya pili polepole, sahani mkononi. Mchoraji akaingia na sauti yake ambayo tangu zamani haijui mahali pake. Hatukufika mwisho. Rafiki yetu alisimamisha.

«Inatosha. Mukono umechoka.»

Sitaki kuwaambia kwamba alipona siku ile, wala kwamba alipiga vizuri. Alipiga vibaya. Gitari hakuichukua. Lakini pia hakusema tena niiuzishe.

Jioni nilimsindikiza mpaka kituo cha bisi. Nilimwambia: «Ndugu, unisamehe kwa neno nililosema.»

«Ulikuwa haujue,» alisema.

«Ningejua, nisingepokea ile pesa.»

«Njo maana sikukuambia.» Akapanda. Kupitia dirishani akasema: «Mashairi yako, unayaandika bado? Ututumie basi. Kule jioni hatuna kitu cha kusoma.»

Juma mbili baadaye alinipigia telefone. Kwanza aliniuliza habari ya mama yangu, halafu bei ya unga hapa mjini, halafu kama nimenunua madaftari. Mwishoni alisema, kama mtu anayeomba chumvi: «Ile gitari, unaweza kuitia mu bisi?» Niliitia siku ya Jumanne. Nilibadilisha uzi wa tatu, sababu ulikuwa na kutu.

Ndugu wanafunzi, mimi si mhubiri, lakini nina neno moja. Wakati wa vakanse tunakutana na rafiki zetu, tunaulizana kazi, safari, muziki, na tunakula pamoja. Ni furaha kubwa, na tusiiache. Lakini mtu anaweza kukueleza safari yake yote na mkono wake uko mfukoni. Mimi nilipokea pesa na sikuuliza kwa sababu kutouliza kulinifaa. Aliniambia nisiulize, na mimi nilitii upesi kuliko nilivyopaswa kutii.

Sasa niko kalasi ya 6, na mtihani wa serikali unaningoja. Nikivivia kitabu, ninakumbuka beseni lile. Na kila namba ya karatasi hii ikitoka katika mashine, ninachukua moja zaidi, ninaikunja na kuitia mu bisi ya Kolwezi. Hii pia itakwenda. Alinipa ruhusa ya kuandika habari zake, ila kwa sharti moja: niseme wazi kwamba yule aliyeharibu wimbo siku ile ni Mchoraji, si yeye.

Nimesema.

Ni mimi mwenzenu, mwanafunzi wa kalasi ya 6.