Sungura wa Jericho na Matandiko Yake

Yuko karani mmoja wa serikali akaaye katika mtaa wa Jericho, upande wa mashariki wa Nairobi, katika nyumba ya vyumba viwili. Siku za Pasaka mwaka 2019 binti yake wa miaka minane alipewa zawadi na mjomba wake wa Limuru: sungura mmoja mweupe mwenye masikio meusi, aliyeletwa mjini ndani ya kikapu pamoja na kabichi mbili. Nyanya wa mtoto, aliyekuwapo siku hiyo, alimwinua mnyama, akampima uzito kwa mikono, akasema, "Huyu kufika Desemba atatosha watu wanne." Mtoto akalia sana. Basi tangu saa ile ikajulikana nyumbani kwamba sungura huyo si kitoweo.

Karani alipigilia kizimba kwa mbao za makasha, akakiweka chini ya kitanda cha mtoto, maana mahali pengine hapakuwapo. Ndipo lilipozuka swali ambalo hakulifikiri hapo awali: mnyama huyu atalalia nini?

Wafugao sungura mashambani hawasumbuliwi sana na neno hili. Kizimba hujengwa juu ya miguu, sakafu ikawa ya wavu au ya fito zilizoachana kidogo. Mavi na mkojo huanguka chini, na mwenyewe huvizoa akavipeleka kwenye mboga. Lakini chumbani alalamo mtu, kiangukacho chini hukaa papo hapo. Tena nyayo za sungura si kama za paka. Hazina nyama laini ya kukanyagia ila manyoya tu, na akikaa siku nyingi juu ya wavu mtupu nyayo hufanya vidonda. Hapana budi atandikiwe kitu.

Alianza na kile alichokuwa nacho, yaani magazeti. Gazeti hunywa maji upesi, wala halina gharama kwa mtu aliyekwisha kulisoma. Walakini likilowa hugandamana na ubao, na harufu halizuii hata kidogo. Asubuhi ya tatu mkewe alifungua dirisha bila kusema neno, na wanaume waliooa wajua maana ya dirisha lifunguliwalo namna hiyo.

Jumamosi akapanda matatu ya Jogoo Road mpaka Gikomba, kwa maseremala, akarudi na gunia zima la unga wa msumeno, tena bure. Lilikuwa jambo la kupendeza. Unga ulikuwa mkavu na laini, chumba kikanukia kama msitu baada ya mvua, na karani akajiona ni mtu mwenye akili. Furaha hiyo ilidumu mpaka mwezi wa Julai. Wasomaji wa Nairobi waijua Julai yetu: mawingu tangu asubuhi, baridi ya kuingia mifupani, na madirisha kufungwa usiku kucha. Mtoto akaanza kukohoa. Kisha usiku mmoja kifua chake kikapiga mluzi, akaketi kitandani akitafuta pumzi, na baba yake akamchukua kwa daktari kabla ya mapambazuko.

Daktari alimpa mtoto dawa ya kuvuta, kisha akauliza, "Nyumbani kuna mnyama? Alala wapi? Alalia nini?" Karani alijibu maswali yote matatu akiangalia viatu vyake. Daktari hakusema kwamba kosa lote ni la sungura. Alitaja pia baridi, moshi wa jiko la makaa, na manyoya ya mnyama yenyewe. Lakini alisema mnyama atoke chumbani siku ile ile, na vumbi lile litoke pamoja naye. Na kifua kisipotulia, basi sungura atafutiwe kwao. Mtoto alikuwa amekaa pale pale, akasikia kila neno. Njiani kurudi nyumbani hakulia, jambo lililomwumiza baba yake kuliko kilio.

Jioni ile, kizimba kilipovutwa uani, karani aliona jambo ambalo hakuwa ameliangalia. Sungura naye alikuwa akipiga chafya, na manyoya ya miguu yake ya mbele yalikuwa yameshikamana kwa ute, kwa sababu ya kujipangusa pua. Wawili wale walikuwa wakiugua katika hewa moja, mmoja juu ya godoro na mwingine chini yake.

Siku ya pili akamchukua mnyama mpaka Kabete, kwenye hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mganga wa wanyama alimsikiliza kifua, akasema mapafu bado ni mazima, na dawa ya kwanza ni kubadili matandiko. Alieleza kwamba sungura hupumua kwa pua tu, hivyo vumbi jembamba humsumbua upesi. Mkojo wake nao ukikaa hutoa amonia, ile hewa kali iwashayo macho. Mtu asimamaye haisikii sana, lakini mnyama pua yake i karibu na sakafu mchana na usiku. Kwa hiyo tandiko jema halipimwi kwa ulaini wake wala kwa manukato yake. Yapasa linywe maji, lisiwe na vumbi, na likiliwa lisidhuru, maana sungura hutafuna kila kitu, wala hana uwezo wa kutapika alichokimeza.

Harufu ile ya msitu ilielezwa na fundi wa Gikomba, karani aliporudi kumwuliza ule unga ulikuwa wa mti gani. "Bwana, ule ulikuwa na mwerezi mwingi," fundi akasema, "ule mutarakwa wa nguzo. Mchwa wenyewe hawautaki." Kumbe mafuta yale yale yaifanyayo nguzo kukaa ardhini miaka mingi bila kuliwa ndiyo yamwashayo mnyama koo na kulisumbua ini lake. Misaipresi na misonobari mibichi ina tabia ya namna hiyo. Maranda ya randa, yale makubwa yaliyojikunja, yana vumbi kidogo kuliko unga wa msumeno. Lakini nani awezaye kujua, katika lundo la seremala, yametoka katika mti gani?

Akajaribu vingine. Kumvi za mpunga wa Mwea, zipendwazo na wafuga kuku, zilikuwa na vumbi, wala hazinywi maji vizuri. Magunzi yaliyosagwa huota ukungu, na yakimezwa huweza kuziba matumbo. Dukani aliuzwa udongo wa choo cha paka, akaurudisha aliposoma kwamba ukilowa hufura na kuwa donge, na akawaza donge hilo likiwa tumboni.

Mwisho alinunua robota la nyasi kavu, zile ziitwazo Boma Rhodes, wapewazo ng'ombe wa maziwa. Nyasi hizo ni tandiko na chakula pamoja, na meno ya sungura, yasiyoacha kukua, yahitaji kazi hiyo ya kutafuna. Nazo zina vumbi lake. Basi karani huzikung'uta nje, mtoto akiwa mbali, na zenye ukungu huzitupa. Akagundua pia kwamba sungura huchagua pembe moja ya kwenda haja. Katika pembe hiyo aliweka karai la plastiki, chini magazeti makuukuu yaliyokunjwa mara nyingi, juu nyasi. Hivyo gazeti likapata kazi yake baada ya yote, kwa sharti la kubadilishwa kila siku. Ule ukoko mweupe wa mkojo karani huusugua kwa siki. Yaliyolowa huenda katika gunia la sukuma wiki lililo mlangoni, na majirani wameanza kuuliza siri ya majani yale.

Kizimba sasa kilikaa ukutani chini ya bati, na wavu mbele kwa ajili ya paka, na kufuli kwa ajili ya wale ambao mawazo yao juu ya sungura yafanana na ya nyanya. Chafya ziliisha katika majuma machache. Mtoto alikohoa tena mara mbili mwezi wa Agosti, siku za baridi kali, wala hakuna aliyeweza kusema kwa hakika lipi lilimsaidia zaidi, dawa au hewa. Lakini ule mluzi haukurudi mwaka ule, na daktari hakurudia maneno ya kumwondoa mnyama.

Nyanya alikuja tena wakati wa Krismasi. Alishuka matatu akiwa na gunia lililojaa, lakini jepesi, akalikabidhi kwa mtoto mlangoni. Ndani mlikuwa na nyasi zilizokaushwa kivulini, zingali na rangi ya kijani. "Za yule mpangaji wenu," akasema, kisha akaingia ndani kuuliza chai.