Pango la Thaur na Njia ya Tabora



Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa waliotutangulia. Basi leo nataka kukuhadithia safari zangu tatu, mbili za mapangoni na moja ya Tabora, kwani ile ya tatu ndiyo iliyonifahamisha zile mbili.

Ya kwanza ilikuwa Makka. Nilipomaliza Hija yangu nilifuatana na wenzangu tukapanda jabali la Thaur. Wanavyuoni wametufundisha kuwa kupanda huko si katika nguzo za Hija wala sunna zake, nami sikupanda kwa ibada bali kwa mazingatio. Njia ni ya mawe matupu, na mara mbili nilikaa chini pumzi zimenikatika. Katika pango hilo Mtume (S.A.W.) na Sayyidna Abubakar walijificha siku tatu, mwaka wa 622, Makureshi wakiwatafuta.

Sisi tulipokuwa chuoni tulisomeshwa sana habari ya buibui na njiwa. Lakini yuko mtu mmoja ambaye tunampita haraka. Naye ni Amir bin Fuhayra. Alikuwa mtumwa aliyeteswa kwa ajili ya imani yake, Sayyidna Abubakar akamnunua na kumwacha huru. Usiku akiwaleta mbuzi mpaka karibu na pango, wale wawili wakapata maziwa, na alfajiri akiwarudisha ili nyayo za aliyekuja na habari zifutike. Hebu fikiri, ndugu yangu. Roho ya Mtume wa Mwenyezi Mungu ilikuwa katika amana ya mtu aliyewahi kumilikiwa na kuuzwa.

Safari ya pili ilikuwa Mangapwani, kaskazini ya mji wa Unguja. Hapo pana pango la asili lenye maji matamu, na mbali kidogo pana chumba kilichochimbwa katika jiwe la matumbawe, kimefunikwa juu, na ngazi ya kushukia. Mwaka 1873, katika utawala wa Sayyid Barghash, soko la watumwa la Unguja lilifungwa na kuwasafirisha kwa bahari kukapigwa marufuku. Biashara haikufa, iliingia chini ya ardhi. Nilishuka ngazi ile, nikasimama katika kiza, nikasema "La haula", nikapanda nikaenda zangu. Nilijiambia kuwa hayo ni ya watu wa zamani.

Ya tatu ni Tabora. Nilialikwa kwenye maulidi, nikaenda kwa gari la moshi. Reli ilifika huko mwaka 1912, na kabla yake watu walikwenda kwa miguu kutoka Bagamoyo, kupitia Mpwapwa na Kilimatinde hadi Unyanyembe, kisha Ujiji. Burton na Speke mwaka 1857 walichukua siku 134 kufika Kazeh, ndiyo Tabora. Mwenyeji wangu, mzee wa Kinyamwezi, alinieleza kuwa wazee wake walikuwa wapagazi, watu huru waliobeba pembe kwa ujira, na akanitaka nisiwachanganye na waliopelekwa kwa nguvu.

Akanipeleka Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, baada ya Stanley kumkuta Ujiji mwaka 1871. Tembe ni nyumba ya udongo, kuta nene na dari bapa. Ukiingia unakuta kiza na ubaridi, kama uliyeingia pangoni. Mzee akaniambia: "Shekhe, wageni wote wakija hapa humuulizia Mzungu. Wachache huwauliza Waarabu. Waliopita na kongwa shingoni hakuna anayewauliza."

Nikanyamaza, msomaji, kwani mmoja wao ni wa kwetu. Mama yake bibi yangu aliletwa pwani kwa njia ile naye ni mtoto mdogo. Nyumbani kwetu halisemwi hilo. Tukiulizwa asili tunamtaja mume wake, na yeye tunamruka.

Na hilo silo kubwa. Kubwa ni hili. Miaka mingi nyuma kijana mmoja niliyemsomesha mwenyewe, mwenye dini na adabu, alikuja kumposa binti wa ndugu yangu. Wazee wakasema babu zake ni watu walioletwa kutoka bara. Wakaniuliza mimi. Nikafungua kitabu nikawasomea mlango wa kufu. Mlango huo umo, sikuuzua. Lakini sikuwasomea habari ya Zaid bin Haritha, aliyekuwa mtumwa, na Mtume (S.A.W.) akamwozesha Zainab bint Jahsh, binti ya shangazi yake. Wala sikuwaambia kuwa kwa mizani ile mimi mwenyewe sitimii. Kijana akanibusu mkono, akatoka, hakurudi tena darasani.

Katika Suratul Balad Mwenyezi Mungu ametaja njia ngumu ya mlimani, na jambo la kwanza alilolifasiri kwalo ni kumwacha huru mtumwa. Mimi nilipanda Thaur kwa miguu yangu, na mlima huo sikuupanda. Mtumwa aliachwa huru kwa sheria, Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922, lakini mjukuu wake mimi nilimfunga tena, kwa kitabu mkononi.

Na dalili tunazo hapa hapa kwetu. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo mtoto mtumwa kutoka Manyema. Akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 watu wa pwani walikuwa wakimfuata yeye. Hawakumuuliza nasaba, walimuuliza elimu.

Niliporudi nyumbani niliwakusanya watoto wangu nikawatajia yule mama yetu. Kisha nikamtafuta yule kijana, ambaye sasa kichwa chake ni cheupe kama changu, nikamwomba radhi. Akanijibu: "Mwalimu, mimi nilikwisha kusamehe. Waambie na wale wengine."

Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Ndugu yangu, akija mposaji mlangoni kwako, uliza dini yake na tabia yake. Na ukiona ulimi wako unataka kumuulizia babu yake, kwanza muulizie wako.

Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na wazee wetu, na awarehemu waliopita njia ile bila ya majina yao kuandikwa. Amin.