Kuwahi: Umbali wa Ujiji na Pwani

Kitenzi kuwahi kina maana mbili zilizo jirani. Ukimwuliza mtu, "Umewahi kufika Ujiji?" wataka kujua kama amefika huko wakati wowote wa maisha yake. Ukimwambia, "Kimbia uwahi treni," wamtaka afike kabla wakati haujampita. Kwetu tuliozaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, maana hizo hukutana katika jambo moja, nalo ni umbali wetu na pwani.

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 1,080 kwa mstari ulionyooka, na karibu 1,250 kwa reli. Masafa hayo hayapungui. Kinachopungua ni mwendo. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858, miezi minane baadaye. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, miezi ikawa siku. Leo ndege iendayo moja kwa moja huchukua takriban saa mbili. Wazee wetu walilijua hilo katika usemi wao: hawakutaja maili, walisema "mwendo wa siku tatu", wakapima njia kwa miguu ya aipitaye.

Baba yangu alifariki Ujiji mwaka 1986, nami nikifundisha sekondari pwani. Telegramu ilinifikia asubuhi. Kwa desturi yetu Waislamu maiti hacheleweshwi. Alasiri ile, nilipokuwa stesheni nikingoja treni, yeye alikuwa akizikwa. Nilipita Dodoma, Tabora na Uvinza nikilijua hilo. Nilipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeanza kukauka. Hakuna aliyenilaumu, kila mtu aliujua mwendo wa treni. Tangu hapo, nisemapo "sikuwahi kumzika baba", sentensi hiyo hubeba maana zote mbili kwa pamoja: sikufika kwa wakati, na jambo hilo halikutokea kamwe maishani mwangu.

Mama alipofariki, mimi nimekwisha kustaafu na kurudi nyumbani, mdogo wangu alikuwa Dar es Salaam. Alipigiwa simu usiku, akapanda ndege asubuhi, na baada ya sala ya adhuhuri alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Aliwahi. Lakini nauli yake tuliichanga ndugu watano kwa simu kabla hakujapambazuka. Binamu yetu, ambaye hakupata wa kumchangia, alikuja kwa treni, akakuta matanga yamekwisha anuliwa. Mji ni ule ule na msiba ni ule ule, ila yeye alisafiri umbali wangu wa mwaka 1986. Siku hizi tunapoulizana kama Ujiji ni mbali, jibu hutegemea mfuko wa anayeuliza.

Liko jambo moja ambalo hata ndege haikulifuta. Saa zetu na za Dar es Salaam ni moja, lakini jua la pwani hutangulia kuchwa kwa karibu dakika 40. Kila Ramadhani wajukuu hunipigia simu wakiwa wamekwisha futuru, nasi tungali tukilitazama jua juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. "Babu, bado tu?" huniuliza. Nami huwajibu, "Bado, wanangu. Mmetuwahi."