Kusi na Ubao Mdogo

Mchagua nazi hupata koroma, walinena wahenga. Lakini mtu aliyesimama mchangani Diani mwezi wa Julai, kusi ikivuma bila kupumzika tangu alfajiri, naye ana chombo kimoja tu na chombo chenyewe hakimfai, hana budi kuchagua. Kijana huyu alisimama hapo. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, akisomea Kiswahili na historia, na kila likizo alirudi kwao Ukunda kuwafundisha watu kusafiri kwa ubao wa tanga. Sehemu kubwa ya karo yake ilitoka humo.

Ubao aliokuwa nao aliachiwa na kakake alipokwenda Doha kutafuta riziki. Ulikuwa ubao wa lita 160, mpana karibu sentimita 80, uliotulia majini kama kitanda. Mwanafunzi asiyejua lolote angeweza kusimama juu yake, akaivuta kamba, akaliinua tanga taratibu, akaanguka, akapanda tena. Kwa kazi hiyo haukuwa na mpinzani. Aidha, kijana mwenyewe alijifunzia juu yake, na alama za visigino vyake vya utotoni zilikuwa bado zinaonekana kwenye rangi. Kuuza ubao kama huo si sawa na kuuza baiskeli.

Hata hivyo, mwezi huo wa Julai ubao ulimtenda. Maji yalikuwa yamejaa, na mawimbi yakipasuka juu ya mwamba wa matumbawe, ambao hapo Diani hauko mbali na ufuo. Mtu humwona mvuvi aliyesimama juu yake maji yanapokupwa. Kijana alitaka kuufikia mlango wa mwamba na kurudi juu ya mgongo wa wimbi, jambo alilowaona wengine wakilifanya. Hakufika. Upepo uliingia chini ya omo ya ubao ukauinua kama mlango uliong'oka bawaba. Alipofanikiwa kuushusha, wimbi lilimkuta ubavuni, likaukumba ubao mpana ule na kuutupa mwambani, mlingoti ukakatika vipande viwili. Kijana aliogelea hadi pwani akiwa na mikwaruzo kuanzia gotini hadi kifundoni. Ubao ulimfuata baadaye, mzima kabisa.

Baada ya siku hiyo ndipo alipoanza kufikiri kwa makini juu ya jambo ambalo hapo awali aliliona kama fahari ya watu wenye fedha, yaani kumiliki ubao mdogo kwa ajili ya upepo mkali. Kwa mtazamo wa kwanza hoja hiyo inaonekana kinyume cha akili. Bahari ikichafuka, si ndipo mtu angetaka chombo kikubwa zaidi? Kwa jahazi, huenda. Ubao wa tanga haufuati kanuni hiyo kwa sababu hauelei tu. Ukipata kasi ya kutosha hupanda juu ya maji na kuteleza, ukawa unabebwa na mwendo wake zaidi kuliko ukubwa wake. Upepo wa maili 20 za baharini kwa saa na kuendelea hutoa kasi hiyo bila shida. Hapo ukubwa hugeuka kuwa mzigo. Ubao mpana hudundadunda juu ya viwimbi, ukingo wake hukataa kuzama mtu anapotaka kugeuka, na urefu wake hauingii katika mkunjo wa wimbi. Ubao wa mawimbi, wenye urefu wa mita 2.3 hivi na uzito wa kilo 7 au pungufu, huinamishwa kwa kisigino na vidole tu. Wimbi linapokuja, mpandaji hugeuka nalo.

Jambo hili halikujulikana tangu mwanzo. Hoyle Schweitzer na Jim Drake wa California walipopewa hataza ya chombo chao mwaka wa 1970, ubao wao ulikuwa na urefu unaozidi mita 3.6. Ni vijana wa Kailua, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, waliochoka kurushwa na mawimbi, wakafunga mikanda ya kushikilia miguu juu ya ubao mnamo mwaka wa 1977. Na mguu ulipokwisha kushikamana na ubao, ubao ukaanza kufupishwa. Katika miaka ya 1980 mbao zikawa fupi kiasi kwamba mtu hawezi tena kusimama juu yake na kulivuta tanga kwa kamba. Hulala majini chali, akaweka miguu juu ya ubao, akaliacha tanga lishike upepo limwinue. Anayetaka ubao mdogo sharti alijue hilo kwanza. Kijana alilijua, alikuwa amelifanyia mazoezi misimu miwili ndani ya wangwa, mahali ambapo kushindwa kwake kulikuwa ni kusimama tu na kufuta macho.

Mgeni mmoja aliyekuwa akifunga safari ya kurudi kwao alikuwa na mbao mbili za kuuza: moja ya lita 68, nyingine ya lita 85. Ile ya lita 68 ilikuwa nzuri ajabu, na bei yake nafuu. Vijana wote wa ufuoni walimshauri aichukue. Jioni hiyo alikaa na karatasi ya mhadhara wa isimujamii, akaigeuza nyuma, akapiga hesabu. Mwili wake kilo 72. Ubao kilo 7. Tanga, mlingoti na fito ya kushikilia, kilo 9. Jumla kilo 88. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, basi ubao wa lita 68 ungebeba takriban kilo 70, na ule wa lita 85 ungebeba kilo 87. Wa kwanza ungemzamisha mara tu mwendo unapokoma. Wa pili ungepungukiwa na kilo moja.

Kilo hiyo moja ilimnyima usingizi. Asubuhi alimkuta babu mmoja mvuvi akibadilisha tanga la ngalawa yake, akiondoa lile kubwa na kufunga dogo, kama afanyavyo kila kusi inapokaza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Naambiwa wataka kununua kijibao."

Kijana akamweleza, akitumia maneno ya babu mwenyewe: joshini, demani, kubisha. (Ufuoni humo maneno hayo yanazidi kusahauliwa na kizazi cha mbao, kana kwamba upepo ulianza kuvuma siku lugha za kigeni zilipofika. Hilo ni jambo la kusikitisha.) Babu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi kusi ikingia hupunguza tanga, chombo ni kile kile. Wewe wapunguza vyote viwili. Haya, ni sawa. Lakini nambie: upepo ukianguka nawe uko nje ya mwamba, hicho kijibao chakuweka?"

Swali hilo ndilo lililoamua. Aliuacha ubao wa lita 68, na wenzake wakamcheka. Kuhusu malipo, alikuwa ameshakata shauri kuuza ubao wa kakake. Alimpigia simu Doha kumtaka radhi. Kaka alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Utawafundishia nini watu?" Kijana hakuwa na jibu. Hatimaye kilichouzwa ni tanga kubwa la mita mraba 7.5, ambalo alilitumia peke yake nyakati za tangambili, upepo unapokuwa mwepesi na bahari shwari. Wanafunzi hawalihitaji, wao hufunzwa kwa tanga dogo. Lakini saa zile za jioni zilizo kimya, za kwenda mbali bila kelele, ndizo alizozipenda kuliko zote, na pamoja na tanga hilo zilikwenda.

Mwezi wa Agosti, siku za bamvua, maji yalikuwa yajae kufikia saa kumi alasiri. Kijana aliingia saa nane akiwa na tanga la mita mraba 4.7. Alipita mlango wa mwamba bila kuuhisi, akageuka nje, akalingoja wimbi. Lilipoinuka nyuma yake alikandamiza vidole, na ubao ukateremka, ukajipinda chini ya wimbi, ukapanda tena hadi kileleni na kurudi. Mara tatu kwenye wimbi moja. Alipiga kelele peke yake, na hapakuwa na wa kumsikia.

Saa tisa wingu la mvua lilipita, na upepo ukaanguka. Tanga lililegea. Ubao ulizama polepole chini ya nyayo zake, maji yakampanda vifundo, yakafika nusu ya muundi, yakakoma hapo. Alisimama akiwa ameshikilia mlingoti, haendi, hazami. Maji yaliyokuwa yakijaa yalianza kumsukuma juu ya mwamba kuelekea ndani. Palipokuwa na kina kifupi alishuka, akautembeza ubao hadi mchangani.

Babu alikuwa amekaa kivulini akishona wavu. Alimtazama kijana, akautazama ubao, akaendelea kushona.

Kesho yake kusi ilirudi kabla ya adhuhuri.