Wanaobeba Chupa

Kila Julai ikifika kuna mtu ananiuliza hapa, "Pasta, hizi baiskeli ni za nini?" Wengine mnauliza kwa upole. Wengine, na ninawajua, mnauliza kwa sababu niliweka picha ya milima ya Ufaransa asubuhi mliyokuwa mnangoja neno. Leo wacha nijibu, na mnivumilie, maana jambo lenyewe ni refu kama mbio zenyewe.

Mbio ninazofuata ni Tour de France. Zilianzishwa mwaka 1903 na gazeti la michezo lililokuwa linatafuta wasomaji. Ni hatua 21 ndani ya wiki tatu, na siku mbili tu za kupumzika. Jumla ni karibu kilomita 3,400. Ukitaka kuipima kwa kipimo cha nyumbani, ni kama Nairobi hadi Mombasa mara saba, ila huku unapandishwa Alpi na Pirenei katikati. Muda wako wa leo unajumlishwa na wa jana na wa juzi. Ukipoteza dakika moja mlimani Jumanne, dakika hiyo unaibeba mpaka Jumapili ya mwisho. Mwenye muda mdogo kuliko wote huvaa jezi ya njano. Kuna ya kijani ya pointi, ambayo mara nyingi huenda kwa wale wenye mbio kali mita za mwisho, kuna ya madoadoa mekundu ya mfalme wa milima, na nyeupe ya kijana bora.

Hatua nyingi humalizika yapata saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Kwa mchungaji hiyo ni saa nzuri. Ziara za nyumbani zimekwisha, chai iko mezani, na Mama Mchungaji hajaanza kuuliza kama nimetayarisha somo la kesha. Natazama kwa simu, bando ikiisha nasoma matokeo. Wiki tatu mfululizo naishi hivyo, na siombi radhi.

Kitu cha kwanza ambacho mtazamaji mgeni haelewi ni upepo. Anaona watu zaidi ya 150 wamebanana barabarani kama siafu, anauliza mbona hakuna anayekimbia. Sababu ni kwamba anayekaa mbele ndiye anayepasua hewa, na aliye nyuma yake anavutwa kwa nguvu kidogo sana. Ukikaa mgongoni mwa mwenzako saa nne, unafika chini ya mlima ukiwa na miguu. Ukikaa mbele saa nne, unafika umekwisha. Kwa hiyo kila timu, yenye watu wanane, inachagua mmoja wa kukingwa, na wale saba wanakuwa ukuta wake. Wafaransa wana jina kwa watu hao: domestique, yaani mtumishi wa nyumbani. Ndiye anayerudi nyuma kwenye gari la timu, anajaza chupa za maji ndani ya jezi, mgongoni na kifuani, halafu anapiga pedali kwa nguvu zote kurudi mbele kuzigawa. Kiongozi akipata pancha, mtumishi humpa gurudumu lake, wakati mwingine baiskeli nzima, kisha yeye anabaki kando ya barabara kungoja gari.

Nataja chupa kwa sababu ya mzee mmoja wa ushirika wetu, fundi mbao, aliyekuja nyumbani kwangu mwaka jana jioni moja akiwa amekasirika. Kijana wake ana miaka 21 na yuko kwenye klabu ndogo ya baiskeli. Mzee alikuwa ameenda kumwona akishindana kwa mara ya kwanza.

"Pasta," akaniambia, "mtoto wangu alikuwa wa arobaini na kitu. Lakini hilo si neno. Nilimwona anarudi nyuma, anajaza chupa kwenye shati kama mtu aliyeiba mahindi shambani, anawapelekea wenzake. Mimi nimesomesha kijana awe mbeba maji? Wewe anakusikiliza. Mwambie aache."

Nilimpa kiti. Hilo halikuwa jambo la kucheka. Mzee huyo amelipa karo kwa meza na vitanda, kimoja kimoja, na anajua gharama ya kila kitu alichompa yule kijana. Halafu kulikuwa na jambo la pili, lililotoka polepole baada ya chai: malori. Kijana hufanya mazoezi kwenye barabara kuu, na mama yake hakai chini mpaka arudi. Kuhusu malori sikuwa na maneno ya kumtuliza, maana barabara ile naijua. Na sisi Wakenya tunakumbuka kwamba Suleiman Kangangi, mmoja wa waendeshaji wetu bora, alifariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Marekani. Mchezo huu unaua, na mtu akisema wasiwasi wa mzazi ni ukosefu wa imani, mimi sikubaliani naye.

Lakini kuhusu chupa nilikuwa na la kusema. Nikachukua simu, nikamtafutia hatua ya 11 ya mwaka 2012, ya kupanda La Toussuire. Mwaka huo kiongozi wa timu ya Sky alikuwa Bradley Wiggins, amevaa njano. Mtumishi wake mkuu milimani alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye hadi 2008 alikuwa akishindana kwa bendera ya Kenya. Zikiwa zimebaki kilomita chache, Froome anaongeza kasi, na mara moja Wiggins anaachwa. Mtumwa ana nguvu kuliko bwana, na dunia nzima inaona. Kisha Froome anaguswa masikioni na redio ya timu, anapunguza mwendo, anageuka kutazama nyuma.

Mzee aliweka kikombe chini. "Huyu anangoja nani?"

"Anangoja kiongozi wake."

Akatazama tena kidogo. "Na huyo anayengojewa, anajua?"

Nikamwambia anajua, na kila mtu anajua, maana picha ndiyo hiyo. Wiggins alishinda mbio zile, Mwingereza wa kwanza kuzishinda. Froome alikuwa wa pili. Mwaka uliofuata kiongozi alikuwa Froome, akashinda, kisha tena 2015, 2016 na 2017, na kila mara kulikuwa na watu wengine saba au wanane mbele yake wakipasua upepo.

Sikumwambia mzee kwamba kijana wake atakuwa Froome. Wengi wa wanaobeba chupa watabeba chupa mpaka wastaafu. Nilimwambia tu kwamba ile ni kazi, ina ujuzi wake, na timu haimpi kila mtu. Akauliza kuhusu pesa, kwa sababu ni fundi. Nikamweleza kwamba mshindi wa Tour amekuwa akipewa euro 500,000, na kwa desturi ya muda mrefu haziweki mfukoni mwake. Zinagawanywa kwa wenzake wa timu. Hapo ndipo alipokaa wima. "Na mbeba maji anapata?" Anapata.

Sisi wahubiri tumezoea kuhubiri mbio kwa mfano wa Mtume Paulo, na mara nyingi tunazihubiri kana kwamba kila mtu anakimbia peke yake, na wenzake ni watu wa kupitwa tu. Nimefanya kazi ya kanisa miaka ya kutosha kujua nani anafungua mlango saa kumi na moja asubuhi na nani anapanga viti. Baiskeli zimenipa maneno ya jambo ambalo chuoni hatukufundishwa vizuri.

Kuna wakati hata msaada ulikuwa dhambi katika mbio hizi. Mwaka 1913 Eugène Christophe alikuwa akiteremka mlima Tourmalet alipovunjika uma wa mbele wa baiskeli. Kanuni zilisema mshindani ajitengenezee mwenyewe. Akaibeba baiskeli begani, akatembea zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaomba nafasi kwa mhunzi. Bahati yake, alikuwa fundi wa makufuli. Akaufua uma ule kwa mikono yake huku wasimamizi wamesimama wakimtazama. Ila mikono ni miwili, na moto unahitaji mvukuto, kwa hiyo mvulana mmoja akamvutia mvukuto. Wasimamizi wakampiga adhabu ya dakika kwa sababu ya mvulana yule. Mwaka 1919 jezi ya njano ilipoanzishwa, wa kwanza kuivaa alikuwa huyo Christophe. Uma ukavunjika tena akiwa anaongoza, na hakuwahi kushinda Tour maishani. Ninachowaza mara kwa mara ni yule mvulana. Aliona mtu anahangaika, akashika mvukuto.

Siku hizi kanuni ngumu kuliko zote ni ya muda. Kila hatua ina kikomo kinachohesabiwa kutokana na muda wa mshindi. Ukikipita, umeondolewa, hata kama umefika kwa miguu yako. Kwa hiyo milimani kuna mashindano mawili. Mbele wanapigania ushindi. Nyuma kabisa kuna kundi la watu wazito wa mbio za tambarare, wanasaidiana kupiga hesabu ya dakika, na nyuma yao linakuja gari wanaloliita la ufagio. Wapendwa, mimi kundi hilo la nyuma nalipenda kupita la mbele. Mwaka 2024, siku ya kwanza tu, kutoka Florence hadi Rimini kwenye joto kali, Mark Cavendish wa miaka 39 alikuwa anatapika akiwa juu ya baiskeli. Wenzake wa Astana wakarudi nyuma, wakamzunguka, wakamvuta hadi mwisho. Walifika zaidi ya nusu saa baada ya mshindi, lakini ndani ya muda. Siku nne baadaye, huko Saint-Vulbas, Cavendish alishinda hatua yake ya 35, akavunja rekodi ya Eddy Merckx iliyokuwa 34. Magazeti yaliandika 35. Mimi nilikuwa bado nafikiria wale waliomvuta Rimini.

Na mwaka huo huo, jamani! Tarehe 1 Julai, mjini Turin, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua ya tatu. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, tangu 1903. Nilipiga kelele hadi jirani akabisha mlango akidhani kuna msiba. Alishinda tena hatua ya 8 na ya 12, akavaa kijani, akaanguka Nîmes katika hatua ya 16, akainuka akiwa na majeraha, na jezi ile akaifikisha Nice. Eritrea wanapenda baiskeli jinsi sisi tunavyopenda mbio za miguu. Mwenzao Daniel Teklehaimanot alikuwa amevaa madoadoa ya milima mwaka 2015, kwa hiyo njia ilishafunguliwa kidogo. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika. Nilimwambia yule mzee, unaona, sasa yanakuja kwetu. Akanijibu kwamba Kigali barabara zao wanazifagia. Sikuwa na jibu.

Mtaniuliza kuhusu udanganyifu, najua, kuna ndugu huwa haniachi. Ndiyo, Lance Armstrong alinyang'anywa mataji yote saba mwaka 2012 kwa dawa zilizokatazwa. Yaliuma, na yalistahili kusemwa hadharani. Tangu hapo natazama nikiwa macho, na simweki mshindi yeyote kwenye mimbari. Labda ndiyo maana macho yangu huenda kwa wa nyuma. Anayefika wa 140 dakika arobaini baadaye hupigiwa makofi na watu waliobaki mlimani kwenye baridi, na hakuna jezi anayopewa.

Kuna jina moja zaidi. Kabla ya timu kubwa na redio za masikioni, Froome alikuwa kijana aliyejifunza baiskeli ya mashindano kwa David Kinjah, hapa Kikuyu. Kinjah hakuwahi kushindana Tour de France. Froome alipokuwa anavishwa njano Paris, Kinjah alikuwa na vijana wake wa Safari Simbaz, akiwafundisha kukaza mnyororo na kupanda mlima bila kuchoka mapema. Wakenya tunapenda kubishana kama Froome ni wetu au wa Uingereza. Kinjah hakuna anayetubishia.

Yule kijana bado anaendesha. Baba na mwana walikubaliana aache barabara kuu, atumie ile ya ndani ya mashamba ya chai, na wasiende chini ya watatu pamoja. Mama bado hakai chini. Mwezi uliopita nilipita karakana, nikakuta mzee anapiga randa ubao wenye kulabu mbili. Nikauliza ni kabati la nani. Akasema ni la kutundika baiskeli, sebuleni, kwa sababu nje inapata kutu. Kisha akaniuliza mbio za Ufaransa zinaanza lini mwaka huu, na kama bando ya simu yangu inatosha watu wawili.

Ibada ya Jumatano iko pale pale, saa kumi na mbili unusu. Mkiniona nimechelewa dakika tano, wazee wa kanisa waanzishe sifa.