Mama Hajui Kuendesha Gari

Kaka alipopata kazi Marekani aliambiwa achague ofisi: Houston au Philadelphia. Alivutiwa na Houston, nyumba kubwa kwa bei nafuu. Nikamuuliza, "Kaka, Mama akija ataendaje dukani?" Kimya. Tukapiga hesabu upya: kodi, jumlisha gari, mafuta na bima. Unafuu ukayeyuka.

Mji wa Philadelphia ulianzishwa mwaka 1682, enzi za miguu na farasi. Ndiyo maana mitaa yake ya zamani ni myembamba, nyumba zimeshikana, duka liko kona. Treni zipo, na msitu wa Wissahickon uko humohumo jijini. Akapanga huko, nyumba ndogo, ngazi zinabana.

Juzi Mama kanipigia, anahema: "Nimetoka kununua vitunguu. Peke yangu!" Kaka hakujua hata kama katoka.